Kazi ukiwa na sikoseli: jipange siku ukiwa mzima

Vijana wenye sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, wanaomaliza chuo wananiuliza sana swali moja, dada nitafute kazi gani? Wazazi wao nao hivyo hivyo, huyu mwanangu ataweza kazi gani, ualimu, benki, au akae tu nyumbani nimfungulie duka? Mi huwa nawajibu kwamba aina ya kazi ni nusu ya jibu, nusu iliyobaki ni umejipangaje zile siku ambazo huumwi, maana siku ukishikwa hupangi kitu, hata simu huwezi kuishika, na bosi wako siku hiyo anachokiona ni kiti kiko wazi na kazi imelala. Mimi pia nina sikoseli, nitaeleza nilivyopita, kuanzia kaunta ya supamaketi, nikaja kwenye mikopo, mpaka sasa hivi naandika vitabu vya maduka ya watu, na kila mtu achukue kinachomfaa.

Mimi ni wa Mwanza. Kanda ya Ziwa na Pwani ndo kwenye watu wengi wenye vinasaba vya sikoseli hapa kwetu, na nchi nzima inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, kwa hiyo kama unadhani uko peke yako kazini kwenu, wapo wengine wamenyamaza tu. Mama alikuwa anauza dagaa soko la Kirumba Mwaloni, kliniki yangu hospitali ya Bugando, na shule nimeisoma kwa vipande vipande, muhula huu nipo, muhula ujao nimelazwa, mitihani naifanya mkono bado una alama za dripu. Hili la shule watu wanalisahau wanapozungumzia ajira. Tunafika kwenye soko la kazi na vyeti ambavyo havionyeshi akili zetu, vinaonyesha siku tulizohudhuria. Nilipata stashahada ya uhasibu nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote darasani na nilishukuru Mungu kwa hiyo stashahada.

Kazi ya kwanza ilikuwa Dar, keshia wa supamaketi. Kila mtu nyumbani alifurahi, kazi ya ndani, haina jua, haina kubeba mizigo. Kumbe kwa mtu wa sikoseli hatari yake haiko kwenye mizigo peke yake. Sisi figo zetu haziwezi kubana maji vizuri, mkojo unatoka mwingi na mwepesi, kwa hiyo maji unayokunywa yanapita haraka, inabidi unywe tena, uende chooni tena. Ukikaukiwa maji damu inakuwa nzito, zile chembe nyekundu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, basi maumivu yanaanza, mgongo, mapaja, kifua. Sasa pale kaunta ukitaka kwenda chooni unainua mkono, unasubiri msimamizi aje afunge droo ya hela, aandike muda, na ukienda mara nyingi unaambiwa unakwepa kazi. Wasichana wenzangu wazima kabisa walikuwa hawanywi maji toka asubuhi ili wasiombe ruhusa. Wao walikuwa wanaweza. Juu ya kichwa changu kuna kiyoyozi kinapuliza baridi kutwa nzima, chini nimesimama masaa nane, hiyo ni baridi, kukaukiwa na uchovu kwa pamoja, yaani vitu vyote vitatu ambavyo daktari alinikataza viko kwenye kazi moja inayoonekana rahisi.

Toka hapo nikienda kuangalia kazi mahali mshahara nauangalia mwisho. Kwanza nauliza choo kiko wapi na kinaombewa ruhusa au hakiombewi. Nauliza shifti zikoje, kuna za usiku? Nauliza nitakaa wapi, chini ya kiyoyozi au dirishani. Nauliza nitatoka nyumbani saa ngapi, maana kusimama kwenye daladala toka Mbagala mpaka Posta saa kumi na moja alfajiri na foleni, ukifika umeshamaliza nguvu za siku. Haya ni maswali ambayo mtu yeyote anaweza kuuliza kwenye intavyuu bila kutaja ugonjwa wowote.

Na hapo ndo linakuja swali gumu, useme au usiseme? Mawazo yangu ni haya, na najua wapo mashujaa wenzangu (ndo tunavyoitana wenye sikoseli) wanaopinga. Kwenye intavyuu usiseme. Pale hawakujui, hawajaona kazi yako, wakisikia tu neno sikoseli wanamuona mtoto wa ndugu yao aliyefariki, na jina lako linakatwa bila mtu kukwambia sababu. Ila ukishapata barua au mkataba, ukishaonekana unafanya kazi, sema, na sema kabla hujaumwa. Ukisema ukiwa umelazwa inaonekana kisingizio. Ukisema ukiwa umesimama mbele yake umevaa vizuri na ripoti yako ya mwezi imekamilika, anakusikiliza kama mfanyakazi wake anayeongelea kazi.

Nilifanya hivyo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo, nikiwa afisa mikopo. Meneja wa tawi alikuwa mama mmoja mtu wa Moshi, mkali kwenye hesabu ila ana utu. Nikamwambia meneja, naomba dakika kumi zako. Akasema karibu binti yangu, kuna shida na marejesho? Nikamwambia hamna shida, nataka tu ujue jambo kabla halijatokea. Nikampa karatasi moja, nimeiandika mwenyewe kwa lugha nyepesi, nyuma nimeambatanisha barua ya kliniki. Karatasi ilikuwa inasema hivi: nina sikoseli, nimezaliwa nayo, haiambukizi. Siku nyingi niko sawa. Saa ingine nashikwa na maumivu makali ghafla, naweza kulazwa. Ikitokea, wa kupigiwa ni mama mdogo, namba yake hii, hospitali ninayotibiwa ni hii, msinipe dawa yoyote ya dukani mkanisubirisha. Orodha ya wateja wangu na tarehe zao za marejesho iko kwenye daftari la bluu, na mwenzangu wa dawati la pili anaijua. Ninachoomba ni maji karibu, choo bila ruhusa, nisikae chini ya kiyoyozi, na siku za kliniki nitakupa tarehe mwezi mmoja kabla.

Aliisoma mara mbili. Akaniuliza swali moja tu, ukishikwa njiani kwa mteja inakuwaje? Tukakubaliana niwe nazunguka na mwenzangu kwenye vikundi vya mbali, vya karibu naenda peke yangu. Basi. Nimewahi kulazwa nikiwa kwenye lile tawi na sikukuta marejesho yamekufa wala mtu amenuna, sababu kila kitu kilikuwa kimeshapangwa mahali pake. Mpaka leo nikimkumbuka yule mama namuombea.

Kulikuwa na lingine pale, macho. Macho yangu ni ya njano, wengi wetu tuko hivyo, kwa sababu chembe zetu nyekundu zinavunjika mapema, za mtu mwingine zinaishi siku kama 120, zetu kati ya 10 na 20 hivi, na zinapovunjika ndo njano inatokea. Wenzangu wakaanza kutenga kikombe changu, wakajua ni homa ya ini, mwingine akanong'ona ni ukimwi. Meneja akaniuliza unataka niongee nao au utaongea mwenyewe? Nikasema nitaongea mwenyewe. Asubuhi moja kabla hatujafungua nikasimama nikawaeleza, baba ana kinasaba kimoja, mama ana kimoja, wote wazima, kila mimba wanayopata kuna nafasi moja katika nne mtoto azaliwe hivi. Nikawaambia hata nyie mnaotaka kuoana nendeni mkapime. Dada mmoja alikuja baadaye pembeni, anatetemeka, mtoto wake anavimba vidole vya mikono na miguu kila mara na hospitali ya mtaani wanampa dawa za malaria tu. Yule mtoto alipimwa, na ana sikoseli, na sasa yuko kliniki.

Mambo yaligeuka nilipohamia kampuni nyingine, mshahara mkubwa kidogo, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wakanipeleka Njombe. Mtu ambaye hajafika Njombe mwezi wa sita na wa saba hawezi kuelewa, mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ukungu, maji ya bomba yanauma kama moto, na sisi baridi ni adui namba moja. Nilivaa soksi mbili, sweta mbili, nikanunua jiko la mkaa la kuwasha jioni (mlango wazi, ule moshi unaua), nikawa naoga mchana tu kwa maji ya moto. Hata hivyo nilishikwa. Mara ya pili kikaingia kifuani, pumzi haipandi, wakaniwekea oksijeni na damu. Ndugu, maumivu ya kifua kwa mtu wa sikoseli usiyasubirishe hata saa moja, hata kama una kikao na mkurugenzi, nenda.

Daktari akaandika barua kwamba kituo kile hakinifai kiafya. Niliipeleka mwenyewe kwa HR, ofisi ya rasilimali watu, nikaomba wanirudishe Dar au Morogoro. Wakanirudisha, ila mkataba ulipoisha hawakuongeza, wakati miaka ya nyuma ulikuwa unaongezwa bila hata kuuliza. Waliniambia wanabadilisha muundo, halafu mwezi huo huo nafasi yangu ikatangazwa.

Hapa ndo nataka nikae kidogo, maana sheria watu hawaijui na inatusaidia kuliko tunavyodhani. Naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza unalipwa mshahara wote, 63 zinazofuata nusu. Sasa piga hesabu. Mtu akilazwa mara tatu kwa mwaka, kila mara siku tano, halafu akapewa ED (ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi) ya siku tatu, hiyo ni siku 24 kwa mwaka, miaka mitatu ni 72. Bado hajamaliza. Yaani mwenzetu wa kawaida, ambaye ugonjwa wake sio mkali sana, anaingia vizuri kabisa ndani ya kile ambacho sheria inampa kila mfanyakazi, hajapendelewa na hajaomba hisani. Bosi anayekwambia unazidisha kuumwa mara nyingi hajawahi kuhesabu.

Ila kuna masharti. La kwanza ni karatasi, bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kukulipa hizo siku. Kwa hiyo ED yako ukipewa, piga picha, tuma ofisini siku hiyo hiyo, nakala baki nayo nyumbani kwenye faili. Mimi nina faili la toka kazi ya kwanza. La pili ni miezi sita ya mwanzo. Ukiwa na chini ya miezi sita kazini, likizo yenye malipo bado hujaistahili na hata ule ulinzi wa kutoachishwa kazi isivyo halali bado haujakufikia. Hicho kipindi ndo cha hatari kuliko vyote, na ndo kipindi ambacho wengi wetu tunajionyesha kwa nguvu zote, tunakubali kila ovataimu, hatunywi maji, tunaruka kliniki ili tuonekane wazima. Fanya kinyume chake. Ile miezi sita lala mapema, kunywa maji, kliniki usikose hata moja, ovataimu iache ikupite.

Na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema kabla mwajiri hajamwachisha mtu kwa sababu ya afya anatakiwa aangalie ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, una uzito gani, na kama anaweza kumbadilishia mazingira ya kazi. Mkataba wa muda nao, kama una sababu ya msingi ya kutegemea utaongezwa na haukuongezwa, unaweza kuhesabika kama umeachishwa. Mimi nilienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 maana ukizidisha hizo siku inabidi uanze kuomba msamaha wa kuchelewa. Nilienda na faili langu, barua ya daktari, ED zote, mikataba yote ya nyuma. Kwenye usuluhishi tu wakakubali kunilipa na kunipa cheti cha utumishi kilichoandikwa vizuri. Kazi sikurudishiwa, sikuitaka pia.

Kitu kilichoniuma zaidi kupoteza ile kazi ilikuwa kadi ya bima. Kwa watu kama sisi ajira ndo dawa yenyewe. Ukishapita umri wa kukaa kwenye kadi ya mzazi, kwa wengi wetu bima inatoka kazini, na kwenye bima ndo kuna vipimo, kulazwa, damu, na dawa. Mimi natumia haidroksiyurea. Ilipitishwa Marekani kwa ajili ya sikoseli mwaka 1998, na utafiti mkubwa uliotoka 1995 ulionyesha inapunguza vipindi vya maumivu kwa karibu nusu kwa watu wazima. Karibu nusu! Hebu mwajiri afikirie hiyo, kidonge cha kila siku kinaweza kumpunguzia mfanyakazi wake karibu nusu ya vile vipindi vya maumivu vinavyomlaza kitandani. Inataka upimwe damu mara kwa mara na dada anayepanga kupata mimba lazima aongee na daktari kwanza, lakini mimi imenibadilishia maisha ya kazi kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo ukiwa unachagua kati ya kazi mbili, yenye mshahara zaidi bila bima na yenye mshahara mdogo na bima, chukua yenye bima.

Halafu kuna maumivu yenyewe. Mtu asiyeumwa hawezi kuelewa kwamba jana saa kumi nilikuwa nacheka kantini na usiku ule ule nalia kwa sauti nimelazwa. "Si alikuwa mzima jana?" Hilo swali nimelisikia kila nilipofanya kazi. Na ukirudi umekonda, unatembea taratibu, mtu anasema ulikuwa unapumzika. Wengine wakisikia ulichomwa mofini, ile dawa kali ya maumivu, wanakuangalia kama teja. Sikuwa na namna ya kumaliza hilo kwa kila mtu, nilichagua watu wawili wanaokaa karibu yangu nikawafundisha, ukiniona nimenyamaza, nashika mguu, jasho linatoka, nisaidie kuinuka nikanywe maji na nikae pa joto, nisipopata nafuu nipeleke. Wawili wanatosha.

Wenzangu wa kliniki wamenifundisha mengi pia. Kuna kaka fundi cherehani, kazi ya kukaa, anajipangia mwenyewe, lakini nyonga ilianza kufa kwa kukosa damu na pedali ya miguu ikawa haiwezekani, akanunua mota ya umeme akaendelea. Kuna mwalimu ana kidonda mguuni juu ya kifundo ambacho hakiponi, mkuu wake wa shule alimpa kiti darasani na vipindi vya asubuhi, kiti tu! Kuna mmoja alikuwa bodaboda, upepo wa alfajiri ulikuwa unamlaza kila mwezi, akawa anaanza saa tatu jua likiwa limetoka, hela ikapungua ila akawa anafanya kazi mwezi mzima. Kwenye ujenzi, kuchanganya zege na kupanda ngazi, sijaona mwenzetu aliyedumu, na simshauri mtu.

Mimi sasa hivi nimejiajiri, naandika vitabu vya maduka kadhaa Kariakoo na kuwapelekea ritani zao za kodi TRA, mamlaka ya mapato. Mteja hajali nafanya saa ngapi, anajali tarehe. PAYE, kodi ya mishahara, mwisho tarehe 7, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, mwisho tarehe 20. Kwa hiyo mi tarehe zangu ni za mbele ya hizo, VAT naimaliza kufikia tarehe 12 kila mwezi, zile siku zilizobaki ndo akiba yangu ya kuumwa. Mwezi ambao siumwi napumzika. Nina mwenzangu wa kike naye mhasibu, tuna mafaili ya pamoja, nikilazwa anamalizia na tunagawana malipo, akijifungua nafanya hivyo hivyo kwake.

Lakini naelewa wengi wetu hawana mkataba, wala ofisi, wala CMA. Mama lishe mwenye sikoseli akiumwa siku tatu mtaji umeliwa. Kwa hao tulianzisha kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, watu wa kliniki moja pamoja na mama zetu. Kila wiki hisa, na pembeni kuna mfuko wa jamii ambao hauguswi kwa kitu kingine zaidi ya kulazwa. Mtu akilazwa analipwa kwa kila siku, hela inayokaribiana na faida yake ya siku, na mwanakikundi anayekaa karibu naye anaenda kumfungulia genge, anauza, anaandika kwenye daftari, jioni anampelekea hesabu wodini. Nyanya na vitunguu ndo vinaharibika haraka, kwa hiyo hivyo vinauzwa kwanza hata kwa bei ya kununulia. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kufungua genge la mwenzetu Tandale. Ametoka hospitali juzi, amekuta mtaji upo, jana alfajiri alikuwa Ilala sokoni ananunua mzigo, amevaa sweta.